Juzuu ya Kumi na Sita

Kilwa Kivinje,
Ijumaa, mwezi 7 Rajabu,
12 Machi 1954.

Kwa kaka yangu Bakary bin Kibwana, aliyeko Lindi.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yangu nimeitia humu humu ndani ya bahasha. Najua utaiitikia marahaba kwa sauti, na shemeji Sada atatoa kichwa jikoni aulize unazungumza na nani. Mwambie ni mdogo wako, na yeye pia namsalimu sana. Goti lako linaendeleaje? Kifua cha shemeji je? Na wale kuku wa kizungu aliotusifia mwaka jana, wameanza kutaga, au bado wanakula tu kama wageni? Sisi huku hatujambo. Mwahija wangu mzima, nyumba nzima ila upande wa msalani, ambako makuti yamechoka na mvua imeshaanza kupaonja. Mimi mwenyewe mzima kuliko ninavyostahili, na sababu utaiona mbele.

Barua yako ilinifikia Jumanne kwa mkono wa Severini, yule Mmakonde anayepakia korosho kwenye lori la Nangurukuru. Severini haleti barua tupu, huleta barua na maoni. Alinikabidhi bahasha akasema, Mzee Yahya, kaka yako ana hasira, nimemwona alivyoilamba hiyo gundi. Nikamshukuru, nikangoja aondoke. Hakuondoka. Ikabidi niisome mbele yake huku nikitabasamu, na barua yenyewe, kaka, haikuwa ya kutabasamia.

Umeniuliza neno moja tu: ni kweli kwamba nimekataa kushika juzuu kwenye hitima za watu? Umesema umeambiwa hapo Lindi, mbele ya watu, kwamba mtoto wa marehemu Kibwana alipewa juzuu akairudisha, akapewa tena siku nyingine akairudisha tena, na kwamba huu ni mwaka wa pili sijaonekana kwenye duara la wasomaji. Umesema watu wamegawanyika makundi matatu. Wa kwanza wanasema mke mpya amenitia kwenye chungu. Wa pili wanasema nimeingia mambo ya chama na sina muda na maiti. Wa tatu, ambao naona ndio waliokukera zaidi, wanasema sasa naona hitima ni uzushi. Ukamaliza kwa kusema Baba alituachia jina wala hakutuachia minazi, na kama jina nalo linapotea, bora niseme mapema.

Kaka, yote matatu si kweli, ingawa lile la mke lina ukweli wake kidogo. Nitakueleza lote. Ila niache nianzie mbali, maana hii ndiyo kazi yangu, na barua zote ninazowaandikia watu huanzia mbali. Mama wa watu akitaka kumwambia mwanawe aliye kwenye mkonge kwamba mbuzi wamekufa, huanza na habari ya mvua.

Unajua ninapokaa: kibarazani mbele ya duka la Mhindi, kisanduku changu mbele yangu, chupa ya wino, kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuonyesha. Herufi hizi za kizungu sikufundishwa na mtu. Nilizidokoa kwenye madebe ya mafuta ya taa na magunia ya mchele, baadaye magazeti yaliyofungiwa sukari. Sasa hapa Kivinje, mtu akikaa na kalamu, watu wanaamini kwamba chochote kilichoandikwa duniani anakisoma. Wananiletea mpaka hati za Kiarabu za mashamba ya babu zao. Mimi huzishika, huziinua juani, hukunja uso, kisha husema aliyeandika alikuwa na mwandiko mbaya. Huondoka wakimlaumu marehemu karani.

Naona umeshaanza kuelewa. Lakini endelea kusoma.

Wewe unakikumbuka chuo chetu. Watoto arobaini, kila mmoja amefika mahali pake, wote wanapiga kelele pamoja, na Maalim amefumba macho na kikoto mapajani. Mle ndani aliyepiga kelele vizuri ndiye aliyesoma. Mimi nilikuwa na sikio zuri na koo zuri. Nilidaka sura fupi kwa kuwasikiliza waliokaa karibu, nikazitoa kama zilivyoingia, na kidole changu kikitembea kwenye ubao kama cha mtu anayejua kinakokwenda. Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikafika, Maalim akakimbilia porini na watu wake, chuo kikafungwa, nasi tukapelekwa kuchota maji ya askari. Nilitoka pale na sura kumi na tatu kichwani, na kwa kuzisoma zilivyoandikwa sijui hata alifu kwa kijiti.

Hitima ya kwanza niliyoalikwa nilikuwa kijana, nimeanza tu kuandikia watu barua. Yule mgawaji hakuuliza. Alinipa juzuu, fungu langu moja katika yale thelathini ya Kurani, kama anavyompa mtu sahani. Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaibusu, nikaifungua. Nikaanza kusoma Kulhuwallahu, mojawapo ya zile sura zangu kumi na tatu. Nikaimaliza, nikairudia. Jirani yangu akigeuza ukurasa, nami nageuza. Nilikuwa nimewahi kusikia barazani kwamba Kulhuwallahu moja ina thawabu ya theluthi ya Kurani, basi nikajipa fatwa mwenyewe: nikiisoma mara tatu nimehitimu, na mimi huwa naisoma hata mara sitini. Kwa hesabu zangu, marehemu wa Kivinje walikuwa wakipata kutoka kwangu hitima ishirini kila mmoja, na wengine kina fulani pale wanawapa kipande tu. Nikawa na kanuni zangu: usimalize wa kwanza, usimalize wa mwisho, kaa kati ya msomaji mwepesi na msomaji mzito. Nimekula pilau hivyo miaka ishirini na mitano.

Nilipomuoa Mwahija, miaka miwili na nusu sasa, walioniposea waliwaambia watu wa Pande kwamba huyu bwana ana umri kidogo, mjane, lakini hakuna hitima inayofanyika bila yeye. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo huko Pande, akakubali kwa neno hilo. Mwahija amesomeshwa na baba yake mpaka akahitimu, na kila siku baada ya swala ya alfajiri husoma. Siku moja akaniomba nimshikie msahafu. Alitaka kusoma kwa moyo, mimi nimfuatishe na kumrekebisha akiteleza. Nikaushika. Kuushika nilikuwa najua sana. Akasoma, nami nikawa naitikia kwa kichwa, na akivuta pumzi ndefu nageuza ukurasa. Tukaenda hivyo siku tatu, nami nikaona ndoa imepata baraka.

Siku ya tatu alipomaliza akaniuliza kwa upole nimekosea wapi. Nikamwambia hukukosea hata nukta, mashaallah. Ndipo akanieleza kwamba alianza na sura moja, akarukia nyingine, akarudi nyuma, akatokea kwenye ya tatu, kama mtu aliyeingia nyumba hii kwa mlango wa mbele akatokea jikoni kwa jirani. Na msahafu mikononi mwangu ulikuwa umefunguka kwenye sura ya nne, ambayo yeye hakuigusa kabisa. Akasema nimesema mashaallah mara sita. Alizihesabu.

Angecheka ningepata nafuu. Hakucheka. Alikwenda kupika uji, tukanywa uji, akaosha bakuli. Halafu akaja akaketi, akaniuliza: Na maiti wa watu je, bwana? Nikamtolea fatwa yangu ya Kulhuwallahu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kama ni hivyo basi Kilwa nzima ingetosheka na karatasi moja, hao wanaobeba juzuu thelathini wanajichosha mikono bure. Kisha akatoa sharti lake. Siri yangu hatamwambia mtu, hata mama yake. Ila kanzu yangu ya hitima hataifua wala kuipiga pasi mpaka siku nitakayoweza kusoma ninachokishika.

Basi huko ndiko kulikotokea hayo uliyosikia. Hitima iliyofuata, Huseni wa msikitini alipofika kwangu na juzuu, nikasema leo sishiki. Huseni unamjua, sauti yake haina pazia. Akasema, Hushiki? Kwani ya moto? Watu wakageuka. Nikasema macho yananisumbua. Lilikuwa kosa kubwa, maana kesho yake Kivinje nzima ilinihurumia. Nikaletewa maji ya majani, nikaletewa asali, na Rashidi fundi saa akavua miwani yake mwenyewe akanivisha pale pale mlangoni pangu. Niliona vizuri sana. Niliona wazi kuliko siku zote kwamba sijui kusoma. Mara ya pili Huseni aliponijia nikaona uongo wa macho umekwisha, nikasema sishiki tu, bila sababu. Mtu akikataa bila sababu, watu humtafutia, na hizo tatu ndizo walizozipata.

Nyumbani, kaka, nilianza upya. Alifu fataha a, alifu kasira i, alifu dhuma u. Na ubao, na kijuzuu cha watoto, na mvi zangu. Mwahija hana kikoto lakini ana jicho. Jirani yetu Biasha akasikia asubuhi kwa asubuhi sauti ya mtu anayeendelezewa herufi, akauliza kwenye ua tumeletewa mtoto wa nani. Mwahija akamjibu ni mmoja tu, mzito kidogo, lakini ana adabu. Nilisikia. Nikaendelea na be fataha ba.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa natamani vita vije tena chuo kifungwe. Herufi za kizungu zinasimama kila moja na mguu wake. Hizi zinashikana mikono, na ile uliyoijua jana ukiikuta katikati ya wenzake leo imevaa nguo nyingine. Lakini siku moja, na sitasahau kwamba ilikuwa Jumatatu, nilisoma mstari mzima, na katikati ya mstari nikakutana na neno bahari. Nikasimama. Nikauliza, hii ni bahari bahari? Mwahija akasema ndiyo hiyo hiyo. Siku nyingine nikakutana na maskini, siku nyingine na subira, siku nyingine na kalamu. Nilikuwa kama mtu aliyeshuka mji mgeni na mzigo kichwani, akifikiri hana mtu, akakuta jamaa zake wamekaa kibarazani wanamwambia karibu, ulikuwa wapi siku zote hizi.

Tangu hapo nikawa sina haraka. Zamani Kurani kwangu ilikuwa kurasa za kugeuza mbele za watu. Sasa nilikuwa nachukua mstari mmoja alfajiri, namuuliza Mwahija maana yake, na asiyoyajua nayapeleka kwa Maalim wa msikitini baada ya adhuhuri, nikimwambia ni mke wangu anayeuliza. Kisha naondoka na mstari ule kwenda nao kibarazani. Mwanamke anakuja, mumewe yuko kwenye mkonge mwezi wa nane hajaandika, anataka nimtukane kwa herufi kubwa, na mimi kichwani nina neno la asubuhi juu ya wanaosubiri. Naandika barua nzuri kidogo kuliko aliyoitaka. Hakuna aliyelalamika bado. Severini tu ndiye alisema barua zangu siku hizi hazina pilipili.

Sasa nifike ninapokuogopa.

Unakumbuka wasia wa Baba. Alisema hitima yake asomewe na watu wote wa Kivinje wakipenda, lakini wanawe wawili wakae kwenye duara wasome kwa vinywa vyao. Hakuusia lingine. Na arobaini yake ilipofika, wewe ndiye uliyetuletea zile juzuu thelathini kutoka Lindi, chapa ya Bombay, mpya kabisa, zikinuka wino. Makusudi yetu yalikuwa baada ya hitima tuziweke wakfu msikitini kwa jina lake. Mama akakataa. Akasema mumewe ameondoka na vitabu vyake havitaondoka siku ile ile. Akazifungia kwenye sanduku lake na udi, na zikakaa humo mpaka naye akatutoka. Hazikutumika ila siku ile moja. Sanduku sasa liko kwangu.

Mwezi uliopita nikamwambia Mwahija naona naweza kusoma juzuu nzima, na nataka iwe ile niliyoishika siku ya hitima ya Baba. Ilikuwa ya kumi na sita. Niliijua kwa tone la kahawa kwenye jalada, nilidondosha mwenyewe. Nikatia udhu, nikaketi, nikafungua.

Juzuu hiyo, kama ujuavyo, inaanza katikati ya hadithi. Neno lake la kwanza ni Nabii Musa anakumbushwa na yule mja mwema kwamba alikwishaambiwa hataweza kuvumilia. Nikaifunga, maana niliona nimesemwa mimi. Mwahija akasema fungua, si wewe, ni Musa. Nikaendelea. Nikapita kwenye jahazi la wale maskini wafanyao kazi baharini, nikawaza watu wetu wa hapa Kivinje. Nikaingia sura ya Maryamu, ambayo mwanzo wake ni herufi tano zinazosomwa kila moja kwa jina lake, na hiyo, kaka, ndiyo aya pekee niliyoisoma mara moja bila kusita, kwa kuwa nilikuwa nimetoka tu kwenye ubao. Kisha Nabii Zakaria, mzee, kichwa chake kimewaka mvi, anamwomba Mola wake mtoto kwa sauti ya chini. Nikageuza ukurasa.

Mwahija akasema umeruka. Nikamwambia sikuruka, nimegeuza ukurasa mmoja. Akasema umeruka, hapo sipo. Tukabishana kidogo, kama mtu na mwalimu wake. Akachukua ile juzuu, akaupapasa ukurasa, akaniambia nitie kidole. Kaka, karatasi zilikuwa hazijakatwa. Zilikunjwa hivyo hivyo kiwandani, zimeshikana juu kama mfuko, na ndani ya mfuko kurasa mbili zilizochapwa ambazo hazijawahi kuona mwanga. Miaka kumi na saba. Mwahija akainuka. Akaniletea wembe.

Nikakata polepole, nikafungua, nikaanza kuunga herufi. Zakaria anabashiriwa mtoto wa kiume. Anatajiwa na jina lake. Niliunga jina lile mara mbili kabla ya kuamini kwamba ni langu. Na mistari michache chini yake anaitwa, ewe Yahya, anaambiwa akishike Kitabu kwa nguvu.

Najua ni Nabii Yahya anayeambiwa, si Yahya mwandika barua wa Kivinje. Sijarukwa na akili. Lakini mtu akisikia jina lake sokoni hugeuka, hata kama anayeitwa ni mwingine. Mimi niligeuka. Jina hili nilipewa na Baba, na Baba alikuwa msomaji, alijua limeandikwa wapi na kinachofuata ni nini. Mwahija akajifanya ana sufuria motoni, akaniacha peke yangu. Hapakuwa na sufuria yoyote motoni.

Basi hili ndilo jambo, na nakuandikia bila kulipamba. Hitima ya Baba haikutimia. Juzuu ya kumi na sita haikusomwa. Niliyeishika ni mimi, na nilimsomea Kulhuwallahu nikigeuza karatasi zilizoshikana. Wasia wake ulikuwa mmoja, nami niliuvunja nimevaa kanzu nyeupe, nikala na pilau. Nakuomba radhi wewe uliye mkubwa wangu, kwa kuwa yeye siwezi kumwomba ila kwa kumsomea. Nimemsomea. Niliirudia kutoka mwanzo, yote, kwa kinywa changu, asubuhi kumi na moja, na Mwahija akinifuatisha kwenye msahafu wake. Alinirekebisha mahali pengi. Mwisho akasema, hii imesomwa. Jioni ile ile akaifua kanzu.

Alhamisi iliyopita nikaenda kwenye hitima, kwa hiyo waambie hao watu wa Lindi wakae kundi moja sasa. Huseni akanipita na juzuu, nikanyoosha mikono. Akaniambia, Leo imepoa? Nikasoma. Wenzangu wakamaliza, wakafunga, wakanitazama, wakakohoa. Pilau ikafunuliwa, ikafunikwa tena. Nilipomaliza Huseni akauliza mbele ya wote kama nilikuwa nasoma au nanakili. Nilikuwa wa mwisho, kinyume cha kanuni zangu zote, na sijapata kula chakula kitamu vile.

Limebaki moja, na hili nalisema taratibu kwa kuwa wewe ni kaka yangu na mimi ni mdogo.

Kwa kuwa juzuu yangu inaanza katikati ya safari ya Musa, nilitamani kujua ilianzaje. Nikarudi sandukuni nikachukua ya kumi na tano. Unakumbuka ilikuwa ya nani siku ile, uliketi kushoto kwangu. Mwisho wake nimeusoma vizuri, safari nimeielewa. Lakini nilipokuwa narudi nyuma nikafika kwenye habari ya wale vijana waliolala pangoni, na habari yao bado imelala humo. Kurasa zimeshikana juu kama zangu. Nikapata wasiwasi, nikazitoa juzuu zote, nikazipekua moja moja. Ishirini na nane zimekatwa, nyingine vizuri, nyingine kama kwa meno. Ni mbili tu zilizokuwa na mifuko.

Ndipo nikakumbuka kisu. Wewe hukikumbuki? Siku ile kisu kidogo kilizunguka duara, mkono kwa mkono. Kilipofika kwangu nilidhani ni cha kukatia popoo kwa wanaokula tambuu. Mimi sili tambuu. Nikakupa wewe. Wewe ukakitazama, ukampa aliyefuata.

Sikuulizi kitu. Chuo kilitufungia sote wawili siku moja. Na huenda ulisoma kwa moyo, kichwa chako kilikuwa chepesi kuliko changu tangu utotoni, na asomaye kwa moyo hana haja na karatasi wala kisu. Kama ndivyo, hakuna hasara ukija kumsomea Baba mara ya pili. Na kama sivyo, hapa nyumbani ubao upo, mwalimu yupo na ana siri, nami nitakuwa nje kibarazani naandika barua za watu, sisikii kitu. Biasha akiuliza, ataambiwa tumeletewa mtoto mwingine.

Ningeweza kuzikata na kuzisoma mwenyewe. Mwahija alishaleta wembe. Nikamwambia arudishe, hizi si zangu. Nimeirudisha juzuu sandukuni kama nilivyoikuta, na wembe nimeuweka juu yake. Siku utakayozimaliza tutazipeleka zote thelathini msikitini kwa jina lake, kama tulivyokusudia.

Njoo Shaabani kabla ya mfungo. Kama masika yatakuwa yameikata barabara, panda meli ya pwani, nitakuja kukupokea mwenyewe. Mwahija anakusalimu na kukuamkia, anamsalimu shemeji Sada, na anamwomba mbegu za ile bamia nene. Watu wote wa mtaani wanakusalimu, hata Huseni, ambaye salamu zake ningeziandika zisingeingia kwenye karatasi hii. Mola akupe afya ya goti na uzima wa macho, atukutanishe kwa kheri, na awarehemu wazazi wetu wawili. Amin.

Wasalaam,
ni mimi mdogo wako,
Yahya bin Kibwana.